KIKOSI CHA TAINAN: MARUBANI HATARI WASIOKUWA NA WATU WA AKIBA

Leo tuweke siasa na mpira pembeni, tupige stori ya vita.

Juzi nilikuwa kafe, jamaa wawili pembeni yangu wanacheza gemu la ndege za Vita vya Pili vya Dunia. Mmoja kachukua ndege ya Kijapani, ile Zero, anatamba kwamba enzi zake hakuna aliyeiweza. Mwenzake akamuuliza swali moja tu: "Sasa kama walikuwa wakali hivyo, mbona walipigwa?" Jamaa akabaki anakodolea skrini.

Swali lile limenikaa kichwani. Kuna kikosi kimoja ambacho historia yake inalijibu vizuri kuliko maelezo yoyote marefu. Tiririka nami.

WALIKUWA KINA NANI

Kwanza tuelewane. Japani ya wakati ule haikuwa na jeshi la anga linalojitegemea. Jeshi la nchi kavu lilikuwa na ndege zake na jeshi la majini lilikuwa na zake. Kikosi cha ndege cha jeshi la majini walikiita kokutai. Kikosi chetu cha leo kiliundwa Oktoba 1941 katika mji wa Tainan, kisiwa cha Formosa, yaani Taiwan ya leo. Wakati huo kisiwa kilikuwa koloni la Japani.

Baadhi ya marubani wake walikuwa tayari wamepigana China. Mmoja wao ni Saburo Sakai, mtoto wa familia maskini ya wakulima. Kwa maelezo yake mwenyewe shule ilimshinda, akajiunga na jeshi la majini akiwa kijana wa miaka 16. Baadaye akapenya kwenye mafunzo ya urubani. Anasimulia kwamba mwaka 1937 waliomba watu 1,500, wakachukuliwa 70, na waliomaliza ni 25 tu. Kumbukeni hiyo namba 25, tutairudia.

Ndege yao ndiyo hiyo Zero. Nyepesi, inageuka haraka, ina mizinga miwili ya milimita 20 na bunduki mbili za rashasha, halafu inaenda mbali ajabu. Lakini wepesi ule ulikuwa na bei yake. Hapakuwa na bamba la chuma la kumkinga rubani, wala tanki la mafuta la kujiziba likitobolewa na risasi. Ikiguswa vizuri, inawaka.

SIKU YA KWANZA

Tarehe 8 Desemba 1941, saa chache tu baada ya Pearl Harbor, kikosi cha Tainan kilitumwa kushambulia viwanja vya ndege vya Wamarekani kule Ufilipino. Kutoka Tainan hadi uwanja wa Clark ni zaidi ya kilomita 800. Unakwenda, unapigana, unarudi, bila kutua popote.

Awali wakubwa walifikiri haiwezekani bila kuzisogeza ndege kwa meli. Marubani wakafanya mazoezi wiki kadhaa: kuendesha injini taratibu, kupunguza mafuta yanayoingia, kubana kila lita. Wakafaulu. Waliwakuta Wamarekani na ndege nyingi zikiwa chini, zimepaki. Kwa muda Wamarekani waliamini zile Zero zimeruka kutoka kwenye meli iliyo karibu, maana hawakujua kwamba ndege ndogo ya kivita inaweza kusafiri umbali ule.

Baada ya hapo wakaingia Indonesia, iliyokuwa koloni la Waholanzi. Ilipofika Aprili 1942 walikuwa Rabaul na Lae, upande wa New Guinea.

Hapo Lae ndipo walipopata jina. Kulikuwa na Sakai, kulikuwa na Hiroyoshi Nishizawa, kijana mwembamba asiyependa maneno mengi, kulikuwa na Toshio Ota, na ofisa wao Junichi Sasai. Karibu kila siku walivuka milima kwenda kupigana Port Moresby na Waaustralia na Wamarekani. Chakula cha shida, malaria ipo, mapumziko hakuna.

Msije mkadhani nawasifia. Hawa walikuwa askari wa dola iliyovamia nchi za watu, na wananchi wa New Guinea hawakuulizwa na upande wowote kama wanataka mabomu juu ya vijiji vyao. Hata hesabu za ndege walizoangusha zilitiwa chumvi. Kitabu cha maisha ya Sakai kinasema aliangusha 64, wakati watafiti waliolinganisha kumbukumbu za pande zote wanaona idadi halisi ilikuwa ndogo kuliko hiyo kwa mbali. Ila kwamba walikuwa mafundi, hilo halina ubishi.

TAREHE 7 AGOSTI 1942

Siku hiyo Wamarekani walishuka kisiwa cha Guadalcanal. Kikosi cha Tainan kikaambiwa: nendeni, mkasindikize ndege za mabomu. Kutoka Rabaul hadi Guadalcanal ni kama kilomita 1,000. Kwenda tu!

Ule umbali uliowapa sifa Ufilipino sasa ukageuka kitanzi. Kwanza, njiani kuna kisiwa cha Bougainville, na huko msituni alijificha mlinzi wa pwani aitwaye Paul Mason, ana redio. Akiziona ndege zinapita juu anatoa taarifa, na Wamarekani wanapata muda wa kujipanga. Pili, ukifika una dakika chache tu za kupigana, mafuta hayaruhusu zaidi. Tatu, ndege yako ikitobolewa, mbele yako kuna saa nne za bahari.

Sakai aliangusha ndege ya Mmarekani James Southerland baada ya pambano kali. Southerland akaruka kwa parachuti na akapona. Muda mfupi baadaye Sakai akasogelea kundi la ndege kwa nyuma, akidhani ni za kivita za kawaida. Kumbe ni za mabomu, zenye mshika bunduki anayetazama nyuma. Risasi ikampiga kichwani. Jicho la kulia likapoteza uwezo wa kuona, upande wa kushoto wa mwili ukafa ganzi. Akaendesha hivyo hivyo kwa muda wa saa 4 na dakika 47 mpaka Rabaul, akatua. Si mchezo.

Lakini wenzake waliendelea na safari zile zile wiki baada ya wiki. Sasai alikufa tarehe 26 Agosti 1942 akiwa na miaka 24. Ota alikufa tarehe 21 Oktoba, miaka 23. Novemba kikosi kikabadilishwa jina kuwa 251, mabaki yakarudishwa Japani kuundwa upya. Wengi wa wale wa Lae hawakuwepo tena.

SASA JIBU LA SWALI

Kwa nini walipigwa? Wengine watakwambia Wamarekani walikuwa na viwanda vikubwa. Ni kweli, ila siyo yote. Rudini kwenye ile namba 25.

Japani kabla ya vita ilichuja sana. Ilitaka marubani wachache, wakali kupindukia, kwa sababu ilitegemea vita vifupi. Ni sawa na kocha mwenye kumi na moja hatari halafu benchi tupu. Mechi ikiisha mapema, anashinda. Ikienda dakika za nyongeza, wachezaji wanachoka, wanaumia, na hakuna wa kuingia.

Tena fundi aliachwa vitani mpaka afe au aumie. Kila alipokufa, alizikwa na ujuzi wake. Wamarekani walifanya kinyume. Rubani wao Joe Foss alifika Guadalcanal Oktoba 1942, akaangusha ndege 26, na mwaka 1943 akarudishwa nyumbani. Rubani kama huyo akirudi hai, anachokijua kinawafikia vijana wanaofuata. Japani ilipokuja kuongeza idadi ya wanafunzi, walimu walikuwa wamepungua na mafuta ya mazoezi hayatoshi.

Mwisho wa njia hiyo mnaujua. Tarehe 25 Oktoba 1944 Luteni Yukio Seki aliongoza kundi la marubani waliogonga meli za Wamarekani kwa ndege zao wenyewe, ndio hao kamikaze. Kadiri siku zilivyokwenda, kazi hiyo walipewa vijana wenye mafunzo kidogo sana. Hukuhitaji kujua kupigana angani, wala kutua.

Na mnajua nani aliwasindikiza kina Seki siku ile? Nishizawa wa Lae. Kesho yake alipanda ndege ya usafiri kama abiria, ikadunguliwa. Rubani aliyeogopwa kuliko wote alikufa akiwa hana hata usukani mkononi. Alikuwa na miaka 24.

Sakai aliishi mpaka Septemba 2000. Baada ya vita alishika dini ya Kibuddha, akasema hataua tena kiumbe chochote. Alikwenda Marekani kukutana na maadui zake wa zamani, na binti yake akampeleka kusoma huko huko.

Kwa hiyo yule jamaa wa kafe, kama unasoma hapa, jibu ndilo hilo. Zero ilikuwa ndege kali na marubani walikuwa wakali zaidi. Waliopigwa kwanza ni wakubwa waliodhani ujuzi wa watu wachache hautakwisha, wakawatumia mpaka tone la mwisho bila kuwapa nafasi ya kumfundisha mtu.

Haya wadau, uwanja wenu. Mnaokubali na mnaopinga tupieni maoni hapo chini, matusi hapana. Mwenye stori ya kikosi kingine aseme, tutaichimba wiki ijayo. Muda wangu wa kafe umebaki dakika mbili. Tupo pamoja!