Fukuto si joto: Jinsi jua na chumvi vinavyoweza kupoza majengo yetu

JUZI nilihudhuria kongamano katika hoteli moja mjini Mombasa. Nje watu walitokwa na jasho. Ndani tulijikunyata kwa makoti. Nilipomwomba fundi apunguze baridi alinijibu: “Prof, nikiipunguza, fukuto litarudi.”

Fundi huyo alitenganisha mambo mawili ambayo wengi wetu huyachanganya. Joto hupimwa kwa kipimajoto. Fukuto ni joto lililobeba unyevu, lisiloacha jasho likauke mwilini. Nairobi huwa na joto mwezi Februari. Fukuto tunawaachia watu wa Pwani.

Kiyoyozi cha kawaida hakijui tofauti hiyo. Ili kiondoe unyevu, sharti kiipoze hewa hadi mvuke ugeuke matone, kama yale ya nje ya chupa ya soda baridi. Hewa inayotoka hapo huwa baridi kupita haja. Mwenye jengo hulipia umeme wa kuipoza, na pengine hulipia tena wa kuipasha joto kidogo ili watu wasitetemeke.

Ipo njia nyingine. Hebu itazame chumvi ya jikoni kule Pwani wakati wa masika. Hulowa yenyewe, ndiyo maana watu huitia punje za mchele. Zipo chumvi zenye kiu zaidi, kama vile kalsiamu kloridi na lithiamu kloridi. Maji yaliyokolea chumvi hizo yakikutanishwa na hewa inayoingia jengoni, huunyonya unyevu wake. Mimi napendekeza tuyaite kikaushi oevu.

Kikaushi kikishiba maji hakitupwi. Hupashwa joto la nyuzi 60 hadi 80 hivi, maji yakatoka kama mvuke, chumvi ikakolea upya. Joto la kiasi hicho laweza kupatikana kwa mitambo ya jua ya paani, jamaa ya ile ipashayo maji ya kuoga. Wavuna chumvi wa Gongoni na Marereni hufanya lilo hilo: huliachia jua likoleze maji ya bahari. Isitoshe, kikaushi kilichokolezwa mchana chaweza kuwekwa tangini kikatumika usiku. Tangi lenyewe ndilo betri.

Wazo hili si geni. Mhandisi Mmarekani, George Löf, alipendekeza upozaji wa aina hii kwa nguvu za jua miaka ya 1950. Mbona basi halijaenea? Kwanza, chumvi hula chuma, kwa hivyo sehemu nyingi za mtambo hutengenezwa kwa plastiki. Pili, matone yake hayafai kupeperushwa hadi walipo watu. Tatu, kikaushi hupata joto kinaponyonya unyevu, hivyo nacho huhitaji kupozwa. Hewa iliyokauka pia bado hutaka kupozwa kidogo, ingawa kwa kiyoyozi kidogo zaidi. Kwa duka la mtaani gharama haina maana. Kwa hoteli, supamaketi au hospitali yenye paa pana, hesabu ni nyingine.

Wanafunzi wangu husema eti Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Fundi yule alikuwa nalo, tena la tangu jadi. Basi ewe mwenye jengo, kabla hujanunua kiyoyozi kikubwa zaidi, jiulize: kinachowasumbua wateja wako ni joto, au ni fukuto?