Hakuna Nusu Iliyopotea Half Dome

Swali limenifika tena: "Nusu ya pili ya lile jabali ilikwenda wapi?" Safari hii limekuja na picha ya kijana aliyeko masomoni California, amesimama kwenye bonde la Yosemite, nyuma yake Half Dome. Wengine wameshaliona jabali hilo bila kulijua jina, maana nembo ya The North Face, iliyojaa kwenye makoti ya mitumba, imechorwa kwa kuliiga. Na karibu kila anayeuliza huja na jibu lake mkononi: barafu ya kale ililikata katikati, ikaondoka na nusu.

Barafu haikulikata, wala hakuna nusu iliyopotea. Naomba leo tulimalize jambo hili.

Kosa hili lina baba yake. Miaka ya 1860 Josiah Whitney, mkuu wa upimaji wa jiolojia wa jimbo la California, alishikilia kwamba sakafu ya bonde la Yosemite ilididimia ghafla ardhini, na nusu ya Half Dome ikazama nayo. Upimaji huohuo uliandika pia kwamba hakuna binadamu atakayekanyaga kilele chake; Oktoba 1875 fundi mhunzi George Anderson akatoboa matundu mwambani, akapigilia vyuma, akafika. Kuhusu bonde, aliyempinga Whitney ni John Muir, ambaye alikuwa amechunga kondoo milimani humo na kufanya kazi kwenye kiwanda cha mbao bondeni. Muir aliona miamba iliyosuguliwa na marundo ya kokoto yaliyosombwa, akasema hapa ilipita mito ya barafu. Whitney alimdharau kama mchunga kondoo asiyejua kitu. Mchunga kondoo ndiye aliyekuwa sahihi: barafu ilipita kweli. Lakini watu walichukua barafu ya Muir wakaikabidhi ile nusu ya Whitney. Sababu ya kupotea ikabadilika, nusu iliyopotea ikabaki, na mpaka leo waongoza watalii wanaisimulia.

Sasa tazama jabali lenyewe. Kilele chake kiko karibu mita 2,690 juu ya usawa wa bahari, na karibu mita 1,450 juu ya sakafu ya bonde. Barafu haiwezi kukata mahali ambapo haikufika. Hata ile kubwa kuliko zote, iliyojaza bonde takriban miaka milioni moja iliyopita, ilikiacha kilele kikiwa kimechomoza zaidi ya mita mia moja juu yake. Ile ya mwisho, ya miaka kama 20,000 iliyopita, ilikuwa ndogo zaidi na ilipita chini kabisa. Isitoshe, mto wa barafu hutambaa ukifuata bonde, ukisaga na kung'oa mawe ya kandokando. Haushuki kutoka juu kama msumeno. Kazi yake hapa ilikuwa kuchimba korongo la Tenaya miguuni mwa jabali na kusomba vifusi vilivyoanguka. Hiyo ni kazi kubwa, lakini si kukata kuba.

Na kuba lenyewe ni udanganyifu wa mahali uliposimama. Ukiwa bondeni unaona mviringo uliokatwa kati. Panda hadi Washburn Point, utazame kutoka ubavuni: mbele yako ni mgongo mwembamba wa mwamba unaoelekea kaskazini-mashariki, na upande wake wa kusini-mashariki una mteremko mkali karibu sawa na ule ukuta maarufu, isipokuwa pale juu kabisa. N. King Huber, mwanajiolojia wa Idara ya Jiolojia ya Marekani, aliandika mwaka 1987 kwamba huenda asilimia 80 ya hiyo "nusu" ya kaskazini-magharibi bado ipo. Kilichoondoka ni ubavu tu.

Uliondokaje? Jabali hili ni granodioriti, ndugu wa karibu wa graniti, iliyopoa kilomita kadhaa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 80 iliyopita. Mwamba huo una mipasuko ya wima inayokwenda sambamba. Mpasua kuni anajua kuwa gogo hufuata nyuzi zake, na mwamba huu nao hufuata mipasuko yake. Korongo lilipochimbwa na mguu ukakosa egemeo, mabamba yalibanduka moja baada ya jingine, ukabaki ukuta wa mita kama 600.

Huku nyuma, upande wa mviringo, kuna nyufa za aina nyingine, zinazofuata umbo la uso wenyewe. Mzigo wa miamba iliyokuwa juu ulipoondolewa na mmomonyoko, mwamba ulibaki na mkazo ndani yake, na mahali penye mgongo mkazo huo huinua magamba kutoka chini. Msomaji wa Mwanza au aliyepita kwenye mawe ya Serengeti ameyaona magamba hayo kwenye graniti ya kwetu, ambako hapakuwa na mto wa barafu wa kusingiziwa.

Sibishani kwa ajili ya kubishana. Anayeamini barafu ndiyo iliyokata jabali huamini pia kwamba kazi ilikwisha barafu ilipoyeyuka, kisha anatandika mkeka chini ya ukuta. Julai 2015 bamba kubwa lilibanduka kwenye uso wa Half Dome na kuondoka na kipande cha njia ya wapanda miamba iliyofunguliwa mwaka 1957 na Royal Robbins na wenzake wawili. Ilikuwa kiangazi, hakuna barafu ya kulaumiwa. Mwaka 2016 watafiti Brian Collins na Greg Stock walichapisha vipimo kutoka Yosemite: gamba la mwamba lilikuwa likifunguka na kujifunga kila siku, hadi sentimita moja, kwa joto la jua peke yake.

Kwa wanaokwenda, basi. Kuliona: Glacier Point na Washburn Point; kwa upande mwingine, Olmsted Point. Ila barabara za huko hufungwa kwa theluji majira ya baridi. Kulipanda: kibali ni lazima, hupatikana kwa bahati nasibu, omba mapema. Nyaya za kushikilia kwenye mita 120 za mwisho huinuliwa kuanzia mwishoni mwa Mei hadi katikati ya Oktoba. Kwenda na kurudi ni kilomita 22 au zaidi. Anza kabla ya mapambazuko, beba maji ya kutosha, glovu, viatu visivyoteleza. Usipumzike kwenye mawe yaliyorundikana chini ya ukuta. Mwamba ukiwa na maji, usiukanyage. Ukiona wingu linajijenga, geuka hata kama umebakiza hatua chache. Nyaya ni za chuma, na radi imeshaua watu pale juu.