Kovu la Mjomba: Namna ya Kuchagua na Kufunga Darubini ya Bunduki

Mjomba wangu wa Njinjo ana kovu juu ya nyusi ya kulia, limepinda kama mwezi mwandamo. Tulipokuwa wadogo tuliambiwa alipambana na chui. Likizo iliyopita nikaamua kumuuliza mwenyewe, akacheka mpaka akakohoa.

"Chui gani, mpwa wangu? Hii ni darubini ya bunduki. Niliifunga kwa mikono yangu, nikaifunga vibaya."

Mjomba alifanya kazi miaka mingi kwenye vitalu vya uwindaji. Alianza kama mpagazi, akawa mfuata nyayo, mwisho akawa anakabidhiwa bunduki za wageni azitunze. Jioni ile, tukiwa tumekaa nje baada ya kupukuta ufuta, alinipa somo ambalo sijawahi kulipata darasani. Naliandika hapa kwa sababu wapo wenzetu wanaosomea wanyamapori ambao kesho watakwenda field na keshokutwa watakuwa maofisa wa kuagiza vifaa kwa fedha za umma. Wapo pia wanaoamini kuwa chombo chenye namba kubwa ndicho bora. Tunanunua simu kwa kuhesabu megapikseli, bumu likitoka tu. Kwa simu hasara ni picha mbaya. Kwa bunduki, hasara inaweza kubebwa na mtu ambaye hata hakuishika.

Kwanza, Njinjo ni wapi?

Njinjo ni kata ya Wilaya ya Kilwa, bara, kwenye barabara inayotoka Nangurukuru kwenda Liwale, jirani na mto Matandu. Upande wa magharibi kuna pori la Selous, lililoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere chini ya TANAPA, na sehemu iliyobaki iko chini ya TAWA. Tembo hawasomi mabango ya mipaka. Mahindi yakianza kubeba, wanakuja.

Tukiona tembo shambani, jambo la kwanza si risasi. Watu wanapiga madebe, wanawasha moto, wanachoma pilipili, na taarifa inapelekwa kwa askari wa wanyamapori. Risasi ni hatua ya mwisho kabisa, na kuna sababu. Ukanda wa Selous na Mikumi ulikuwa na tembo zaidi ya 100,000 katikati ya miaka ya 1970. Sensa ya mwaka 2013 ilikuta takriban 13,000 tu, ujangili ukiwa umewamaliza. Kwa hiyo anayepewa bunduki katika mazingira haya, awe askari au mwindaji mwenye leseni, anatakiwa ajue risasi yake inakwenda wapi. Darubini ipo kumsaidia katika hilo, au kumpoteza.

Namba zina maana gani?

Darubini nyingi huandikwa hivi: 3-9x40. Maana yake inakuza kuanzia mara 3 hadi mara 9, na lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 40. Mtu akiona nyingine imeandikwa 4-16x50, haraka haraka anasema hiyo ndiyo kiboko. Subiri kwanza.

Kadiri unavyokuza, ndivyo unavyoona eneo dogo. Kwa darubini ya kawaida, ukikuza mara 3 unaona upana wa kama mita 11 kwa umbali wa mita 100. Ukikuza mara 9 unabaki na kama mita 4. Mara 16, mita 2 na ushei. Sasa sogea kwenye pori letu, la miombo na vichaka vya kando ya mto, ambako mnyama anaonekana akiwa mita 20. Gawa kwa tano. Mara 3 inakupa mita 2 na kitu, mara 9 inakupa sentimita 80, mara 16 haifiki hata nusu mita. Tembo dume ana kimo cha mita 3 begani. Ukimtazama hivyo utaona ngozi ya kijivu yenye mikunjo, hujui ni bega, tumbo au paja. Na yeye anakuja.

"Mgeni mmoja alikuwa na darubini ndefu kama bomba la maji," Mjomba aliniambia. "Nyati katoka, yeye anamtafuta kwenye kioo hamuoni. Sisi wote tunamuona kwa macho!"

Kwa pori la karibu, darubini ya 1-4x24 au inayokaribiana nayo inatosha. Ikiwa kwenye 1 unalenga macho yote mawili yakiwa wazi. Ukipata uwanda ulio wazi unapandisha hadi 4. Wengine hutumia kioo chenye nukta nyekundu, kisichokuza kabisa. Kinafaa sana kwa umbali mfupi, ila kinategemea betri, na betri ya akiba sharti iwe mfukoni, isiachwe kambini. Ukuzaji mkubwa una mahali pake: nyika za wazi, milimani, au uwanja wa shabaha. Swali la kwanza la mnunuzi, basi, ni hili: nitapiga umbali gani? Namba inafuata jibu hilo.

Mwanga wa alfajiri

Swali la pili ni mwanga. Wanyama wengi wanatembea alfajiri na jioni. Chukua kipenyo cha lenzi ya mbele, gawanya kwa ukuzaji, utapata upana wa mwale unaotoka nyuma na kuingia jichoni. Kwa 3-9x40 ikiwa mara 9, ni 40 kugawa kwa 9, yaani milimita 4.4. Ikiwa mara 4, unapata milimita 10. Mboni ya jicho la kijana gizani hufunguka hadi kama milimita 7. Juani hubana ikawa milimita 2 au 3.

Kwa hiyo 4-16x50, pamoja na lenzi yake kubwa, ikiwa mara 16 inatoa mwale wa milimita 3 tu, na picha ya alfajiri inakuwa na giza. Ile ndogo ya 1-4x24 ikiwa mara 4 inatoa milimita 6. Kumbe ndogo imeshinda! Ubora wa kioo na upako wake navyo vina uzito, lakini hesabu hii ya kugawanya ni ya bure na unaweza kuifanya dukani.

Kovu lilipotoka

Swali la tatu ni jicho likae wapi. Kila darubini ina umbali wake ambao jicho likikaa, picha inajaa bila kivuli pembeni. Kwa bunduki nzito umbali huo usipungue kama sentimita 9. Bunduki inayojulikana sana kwa nyati na tembo ni .375 H&H Magnum, iliyotoka mwaka 1912, na nyingine ni .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956. Zote zina teke. Ukiifunga darubini nyuma mno, au ukinyoosha shingo kuitafuta picha, bunduki inarudi na ukingo wa darubini unakuchora mwezi juu ya jicho. Mjomba aliifunga akiwa amekaa mezani, bunduki ikiwa imelala. Siku ya kupiga alikuwa anatazama juu ya kichuguu, shingo mbele. Damu ikamjaa usoni hata hakujua risasi imekwenda wapi.

Kufunga: kazi ya skrubu

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu fedha zote zimeishia kwenye kioo, vishikizo vikanunuliwa vya bei ya chini kabisa. Kazi yenyewe inahitaji subira kuliko nguvu.

Toa risasi zote. Fungua chemba, tazama kwa macho, ingiza kidole. Halafu rudia. Risasi zikae chumba kingine.

Futa mafuta kwenye skrubu na kwenye matundu yake, kisha funga reli au vitako vya chini kwa kipimo alichoandika mtengenezaji. Ipo bisibisi yenye kipimo cha nguvu. Ofisi yenye bunduki kumi haina kisingizio cha kukosa moja. Pete zinazobana darubini huhitaji nguvu ndogo sana, mara nyingi kama nyutoni-mita 2. Ukikaza kwa hasira unabonyeza bomba la darubini, na hapo umeshaiua.

Ilaze darubini kwenye pete bila kukaza. Weka ukuzaji wa juu kabisa, maana hapo nafasi ya jicho ndiyo finyu. Simama, fumba macho, weka bunduki begani kama unavyopiga kweli, halafu fumbua. Ukiona kivuli, isogeze mbele au nyuma, urudie mpaka ukifumbua tu picha imejaa. Fanya pia ukiwa umepiga goti.

Kisha nyoosha msalaba wa ndani. Chukua timazi la fundi mwashi, au uzi uliofungwa jiwe, utundike mbali kidogo. Bunduki ikiwa imekaa sawa, zungusha darubini mpaka mstari wa wima ulingane na uzi. Baada ya hapo kaza skrubu kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo, kama unavyokaza nati za tairi. Ukimaliza, chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye pete. Mstari ukikatika siku moja, utajua skrubu imezunguka.

Kwa wanyama hatari, chagua vishikizo vinavyofunguka kwa mkono. Kioo kikivunjika au kikijaa ukungu, unaiondoa darubini na kutumia alama za chuma za kulengea.

Unene wa karatasi

Sasa hesabu iliyonifanya niandike makala haya. Tuseme pete mbili ziko sentimita 10 mbali, na moja imelegea ikasogea sehemu moja ya kumi ya milimita. Huo ni unene wa karatasi moja ya kutolea kopi. Mita 100 ni mara elfu moja ya sentimita 10. Kwa hiyo kosa nalo linazidishwa mara elfu moja: risasi inakwenda pembeni sentimita 10. Karatasi moja tu, na risasi iliyolengwa moyoni inaweza kuukosa moyo.

Nilikuwa kidato cha pili nyati mmoja alipojeruhiwa namna hiyo upande wetu. Aliyempiga alikuwa na leseni, na nia mbaya hakuwa nayo. Alikuwa amesafiri na bunduki kwenye barabara ya vumbi na mashimo, akafika, akaingia porini bila kujaribu hata risasi moja. Akampiga nyati tumboni, nyati akaingia kichakani. Kwa siku tatu mama zetu hawakwenda mtoni kuchota maji wala kuvuna ufuta, watoto wakazuiwa njia ya shule, mpaka askari walipompata. Aliyepiga alikuwa ameshaondoka.

Kuziro, halafu kuziro tena

Ndiyo maana darubini iliyofungwa haijakamilika mpaka izirowe, kwenye uwanja ulioruhusiwa na kwa risasi zile zile utakazotumia. Anza mita 25. Piga risasi tatu polepole bila kubadili kitu, tafuta katikati ya matundu matatu, kisha rekebisha. Darubini nyingi husogea sentimita 1 kwa kila mlio mmoja wa kitufe, kwa umbali wa mita 100. Kwa mita 25 mlio huo ni robo tu, yaani milimita 2.5. Ukiwa umepiga chini kwa sentimita 5 kwenye mita 25, pandisha milio 20. Halafu nenda mita 100 uhakikishe. Risasi moja haikuambii kitu; inaweza kuwa bahati au mkono umetikisika.

Kila ukisafiri umbali mrefu, kila bunduki ikianguka, kila ukibadili aina ya risasi, rudia. Gharama yake ni risasi tatu.

Usitafute mtu kwa mtutu

La mwisho Mjomba alilisema akiwa hacheki. Darubini ya bunduki siyo ya kutalii. Ukitazama kitu kupitia kwayo, umeshakielekezea mtutu. Huku kwetu kinachotikisa majani kinaweza kuwa mama anayekata kuni, mrina asali, au mchungaji anayetafuta ng'ombe wake. Kwanza tumia darubini ya mkononi, tambua, ndipo bunduki ipande begani.

Kisheria, bunduki bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Sijamwandikia mtu akaitafute. Nimemwandikia yule ambaye kesho atakuwa ofisini na orodha ya manunuzi mbele yake, na muuzaji anamsifia lenzi ya milimita 50. Amuulize: vishikizo vyake vikoje, jicho linakaa umbali gani, na kwenye mita 20 naona upana gani? Akishanunua, atenge risasi za kuziro na siku ya kufanya hivyo.

Nilipokuwa naondoka kurudi chuoni, Mjomba alinisindikiza mpaka kituoni. Nikamtania kwamba nitawaambia wenzangu kovu lake si la chui. Akagusa nyusi, akasema, "Waambie. Chui asingenifunza kukaza skrubu."