Kuvu Katika Kabati la Nguo

Mke wa askari mjini Gitega au Muyinga afunguapo kabati mwezi wa Aprili, huenda akakuta sare imeingia madoa ya kijivu na viatu vya ngozi vimefunikwa na unga mweupe. Wengi huilaumu mvua. Kwa kweli mvua haina kosa lote.

Miji hiyo imejengwa mahali pa juu: Gitega yapata mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Muyinga juu zaidi. Usiku ukuta wa nje hupoa sana. Hewa ya chumbani, iliyojaa pumzi za waliolala, ikiugusa ukuta huo huacha maji yake hapo, na kabati lililoegemezwa huyanywa. Yafaa lihamishiwe ukuta wa ndani, lisogezwe mbele kwa upana wa kiganja, na kuinuliwa juu ya matofali.

Lakini adui mkubwa ni nguo iliyokaribia kukauka. Kitambaa huweza kuwa kikavu mkononi, ilhali mishono, mifuko na ukosi vingali na maji. Sare yenye jasho nayo isitundikwe kabatini kabla ya kupigwa upepo.

Makaa ndani ya mkebe husaidia kidogo tu, tena sharti yaanikwe juani mara kwa mara. Naftalini ni dawa ya nondo, si ya kuvu.

Nguo iliyokwisha kushikwa ipigwe brashi nje, mbali na mtoto mwenye pumu, kisha ifuliwe. Mbao zipanguswe kwa maji ya sabuni, na milango iachwe wazi hadi zikauke kabisa.