Kompaila ya Mtandaoni na Nusu Alama Iliyopotea

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kila siku tunatumia programu za tarakilishi, lakini ni wachache wetu wanaouliza zimeundwaje. Leo wacha niwaeleze juu ya chombo kilichonifunza kuziunda, na aibu niliyoipata njiani.

Muhula uliopita chama chetu kilifanya shindano la insha la duru mbili. Nami kwa kiherehere changu nikajitolea kuandika programu ya kukokotoa wastani wa alama. Taabu ni kwamba tarakilishi za maabara yetu ni chache na za kitambo, tena haturuhusiwi kuweka programu mpya humo. Mwalimu wa Tarakilishi akacheka kidogo, akaniambia, "Wewe fungua kivinjari tu, uandike humo humo."

Je, yawezekanaje? Tarakilishi haielewi C wala Pascal. Inaelewa amri za tarakimu 0 na 1 basi. Kompaila ndiyo mkalimani anayegeuza maandishi yetu yawe amri hizo. Grace Hopper wa Marekani alitengeneza mojawapo ya zile za kwanza kabisa, A-0, mwaka wa 1952. Zamani ilibidi kompaila iwekwe ndani ya mashine yako. Siku hizi kuna tovuti kama JDoodle na OnlineGDB. Unachagua lugha kwenye orodha, unaandika programu, unabonyeza kitufe cha kuiendesha. Maandishi yako husafiri hadi kwenye seva. Huko hufasiriwa na kuendeshwa mahali palipotengwa ili yasidhuru mashine, kisha jibu hurudi kwenye skrini yako. Tarakilishi yako kuukuu ni dirisha tu. Jiko liko kwingine.

Basi nikaandika programu yangu kwa C. Mshiriki mmoja alikuwa na alama 61 na 64, mwenzake 60 na 64. Programu ikasema kila mmoja ana wastani wa 62. Nikatangaza sare! Mwalimu mlezi akachukua kalamu, akajumlisha, kisha akanitazama juu ya miwani. "Mwanangu, 125 gawanya kwa 2 ni 62?" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikarudi maabara mbio. Hapo ndipo nilipouona uzuri wa chombo hiki, kwani hesabu ile ile niliijaribu kwa lugha tano bila kuondoka kitini. C ikatoa 62, Java 62, Python 3 ikatoa 62.5, JavaScript 62.5. Pascal ilinipa 62 nilipotumia neno div, na 62.5 nilipotumia mkwaju. Kumbe hakuna lugha iliyokosea! Katika C na Java, namba kamili ikigawanywa kwa namba kamili, jibu huwa namba kamili na desimali hutupwa. Nikaandika 2.0 badala ya 2, nikaamuru jibu lichapishwe kwa desimali, na 62.5 ikatokea. Mwenye haki akapewa zawadi yake.

Kabla sijaweka kalamu chini, nawapa tahadhari chache. Kwanza, nakili kazi yako mahali pengine, maana mtandao au umeme ukipotea, huenda nayo ikapotea. Pili, programu ikihitaji data, tovuti nyingine hutaka uiandike kwenye kisanduku chake kabla ya kuiendesha. Usikae ukingoja kama mimi. Tatu, kitanzi kisichokwisha hukatizwa baada ya muda, kwa hivyo kagua masharti yake. Nne, usiandike humo nywila wala siri za watu, kwa kuwa maandishi hayo yanaenda kwenye mashine isiyo yako. Mimi washiriki niliwapa nambari, sikutaja majina.

Zaidi ya yote, kumbukeni kwamba kompaila hukagua sarufi ya programu, haikagui fikra za mwandishi. Ukisahau nukta-mkato katika C, itapiga kelele. Ukimpunja mwenzako nusu alama, itanyamaza kimya. Hiyo kalamu ya mwalimu mlezi bado ina kazi.

Haya, maabara hiyo hapo, kivinjari kipo. Jaribuni, na mkikwama niulizeni. Kuuliza si ujinga.