Damu ndani ya ngumi ya mkunga

Mwaka uliopita nilimsindikiza mdogo wangu kujifungua. Mtoto alitoka vizuri, kondo la nyuma pia, lakini damu haikukoma. Mkunga akamchoma sindano, akamkanda tumbo. Kisha akavuta damu kidogo mkononi mwake, akaitia katika kichupa cha kioo, akakifumbata. Mkono mmoja ulikanda tumbo, macho yalikuwa kwenye saa. Mama mkwe akapandisha sauti: « Mtoto wetu anakufa, na wewe unatazama saa! »

Alikuwa anapima kama damu ingali na nguvu ya kuganda.

Ukijikata na kisu, mshipa unajibana, na chembe ndogo sana za damu zinakimbilia pale na kushikamana. Halafu protini za damu, nyingi zinatengenezwa na ini, zinaamshana moja baada ya nyingine, mpaka zinapatikana nyuzi nyembamba ziitwazo fibrini. Ni kama fito katika ukuta wa nyumba ya udongo: bila fito, udongo unaporomoka. Mama aliyezaa, kizazi chake ndicho kinapaswa kubana mishipa kwanza; kuganda kunamalizia kazi. Lakini protini hizo zinakwisha mama akipoteza damu nyingi, au kondo likibanduka kabla ya wakati.

Kipimo hakitaki umeme. Ni mililita 2 za damu, kichupa kikavu na safi. Kiwe cha kioo, kwa sababu kioo chenyewe kinaamsha kuganda. Ngumi inakipa joto la mwili. Baada ya dakika 4 mkunga anakiinamisha polepole, kisha kila dakika. Kama zimepita dakika 7 na damu ingali maji, au donge ni laini na linavunjika upesi, hatari ni kubwa: mama anahitaji kuongezwa damu, au kupelekwa hospitali kubwa mara moja.

Kwa hiyo dakika zile si za kugombana na mkunga. Ni za kuita ndugu wanaoweza kutoa damu na kutafuta gari. Tena, kama uling'olewa jino ukatoka damu siku nzima, mwambie mkunga ungali na mimba.

Kwa mdogo wangu ilikuwa dakika ya 6. Mkunga alipindua kichupa, hakuna kilichomwagika. Mama mkwe akakaa chini, akaomba maji ya kunywa.