Jiwe la Aksum na Swali la Wino Mwekundu

Juma lililopita mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili aliniletea fomu nitie sahihi. Anaomba ruhusa na nauli ya kwenda Aksum, kaskazini mwa Ethiopia, akayaone magofu na maandishi ya Mfalme Ezana. Fomu ilikuwa imekwisha kupita mikononi mwa mkubwa mmoja, naye alikuwa ameandika pembeni kwa wino mwekundu: "Mada yake ni Ukristo na lugha za Afrika Mashariki. Aanzie Rabai. Ethiopia kuna nini?"

Sikukasirika. Mimi pia niliulizwa swali hilo hilo mwaka wa 2006 nilipokuwa mwanafunzi, na wakati huo sikuwa na jibu ila ukaidi. Nilidandia lori la ng'ombe kutoka Isiolo hadi Moyale, nikabadilisha mabasi nisiyoyakumbuka idadi, nikafika Aksum miguu imevimba na pesa za kurudia hazitoshi. Nilirudije ni kisa cha siku nyingine.

Mgeni wa Aksum hupokewa na minara ya mawe. Ule mkubwa kuliko yote, wenye urefu wa mita 33, umelala chini vipande vipande. Mwingine, wa mita 24, ulichukuliwa na majeshi ya Mussolini mwaka wa 1937 ukasimamishwa Roma. Ulirejeshwa mwaka wa 2005, nami niliukuta ungali vipande vitatu, umelazwa kama mgonjwa anayengoja daktari. Ulisimamishwa tena mwaka wa 2008. Hata hivyo minara hiyo si ya Kikristo, ijapokuwa wageni wengi hudhani hivyo. Ni alama za makaburi ya enzi iliyotangulia. Nilichokifuata mimi kilikuwa ndani ya kibanda kando ya njia ya kupanda kilimani.

Ni jiwe lenye maandishi ya namna tatu: Kigiriki, Kige'ez, na herufi za Kisabaa za kusini mwa Arabia. Nilipoyakaribia hayo ya tatu nilicheka peke yangu, hata kijana aliyenitembeza akanitazama kwa mashaka. Herufi ni za Kisabaa lakini lugha, kwa hakika, ni Kige'ez kilichovishwa vazi la ng'ambo na kubandikwa sauti ya m mwishoni mwa maneno ili kionekane cha heshima. Wale wenzetu wanaotia i mwishoni mwa neno la Kiingereza wakadai wamesema Kiswahili wana mababu zao.

Katika jiwe hilo Ezana, aliyetawala karne ya 4, anajigamba kwa kuwashinda Wabeja na kujiita mwana wa Mahrem, mungu wa vita. Kwa Kigiriki mungu huyo anaitwa Ares. Lakini maandishi yake ya baadaye, ya vita dhidi ya Wanoba, hayamtaji Mahrem tena. Kwa Kige'ez mfalme anamshukuru Bwana wa Mbinguni, jina ambalo mtu wa dini yoyote angeweza kuliitikia. Kwa Kigiriki anataja waziwazi Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Fikiri, msomaji! Mfalme anawaambia wageni na wafanyabiashara jambo ambalo kwa raia zake analigusia tu. Nani miongoni mwetu hajamsikia mheshimiwa akisema hili kwa Kiingereza jijini na lile kwa lugha ya mama kijijini kwake?

Sarafu zake zinasimulia hayo hayo: za mwanzo zina mwezi na duara, za mwisho zina msalaba. Mwalimu wa imani hiyo alikuwa Frumentius, kijana wa Tiro aliyetekwa pwani ya Bahari ya Shamu, akalelewa katika jumba la mfalme, na hatimaye akatawazwa askofu na Athanasio wa Aleksandria.

Kwangu mimi, mtu wa lugha, jambo kubwa zaidi ni irabu. Kige'ez kiliandikwa kwanza kwa konsonanti tupu. Katika enzi hiyo ya Ezana ndipo alama za irabu zilipoanza kuonekana. Katika karne zilizofuata Biblia ikatafsiriwa kutoka Kigiriki. Kitabu cha Henoko, ambacho kwingineko kimebaki vipande tu, kimehifadhiwa kizima kwa Kige'ez peke yake. Watu hawa hawakungoja kuandikiwa lugha yao na mgeni.

Hapo ndipo ninapomjibu mwenye wino mwekundu. Ludwig Krapf, ambaye sisi hupenda kuanza naye, alifika Mombasa mwaka wa 1844, na kituo cha Rabai kikaanzishwa mwaka wa 1846. Lakini alikuwa ametoka wapi? Alikuwa ametoka Ethiopia, alikokaa Tigray na Shewa miongoni mwa Wakristo wenye kanisa la miaka 1,500, kabla ya kufukuzwa. Krapf mwenyewe hakuanzia Rabai. Nimemwonya mwanafunzi wangu, hata hivyo, asije akaandika kwamba kanisa letu lilitoka Aksum. Halikutoka huko, na hamu ya kujivunia haitoshi kuwa ushahidi.

Yule kijana aliyenitembeza tuliendelea kuandikiana. Mwezi wa Novemba 2020, vita vya Tigray vilipowaka, wanajeshi wa Eritrea waliwaua mamia ya raia mjini Aksum katika muda wa siku mbili. Simu zilikuwa zimekatwa. Kwa miaka miwili nilipiga nambari ile ile bila jibu. Baada ya mapatano ya Pretoria ya Novemba 2022 aliipokea. Alinitajia waliofariki nyumbani kwao, mmoja mmoja, nami sikuwa na neno la kumwambia kwa lugha yoyote ninayoijua. Kisha, labda kwa kunihurumia, akasema: "Jiwe lako lipo."

Nimetia sahihi fomu. Nimemtaka mwanafunzi asikate tiketi kabla ya kupata habari za usalama, nikampa ile nambari ya simu. Chini ya wino mwekundu nimeandika kwa wino wa buluu: "Muulizeni Krapf." Fomu ingali mezani kwa mkubwa.